Kila Mtu Alikuwa na Jibu la Mgongo wa Renae

Mtu akinusurika kufa kwa ugonjwa unaotibika, na kila aliyemhudumia alikuwa mwema, mpole na mwepesi wa kusaidia, amkasirikie nani?

Renae Tveit anauliza swali hilo akiwa ameketi upande wa abiria wa gari lake, katikati ya uwanja wa nyumba yake, injini ikiunguruma. Haulizi kwa utani. Makala haya yanaanza bila kuwa na jibu lake.

Ni saa mbili asubuhi, mwezi wa tatu, na theluji iliyobaki kando ya ghala la mashine imekwisha kuwa nyeusi. Renae, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ameupitisha mguu wake wa kushoto hadi kwenye kanyagio za dereva. Mkono wa kushoto umeshika usukani. Mkono wa kulia unatoka dirishani na kulielekea sanduku la barua ambalo mumewe, Curt, amelisimika mahali ambapo hakuna barabara wala anwani.

"Nyoosha!" anasema Curt, amesimama kwenye tope na kikombe cha kahawa mkononi.

"Nimenyoosha."

"Hujafika."

"Ningefika kama ungeliweka mahali pa akili. Hilo sanduku liko Kanada."

Curt anaiinamia ndoo ya zege iliyoushikilia mguu wa sanduku na kuiburuta kidogo. Renae ananyoosha tena. Uso unamkunjamana, lakini vidole vinagusa bati, kifuniko kinafunguka, na bahasha tupu inaingia. Anakishusha kibendera chekundu cha sanduku kwa kidole kimoja, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na miwili.

"Moja," anasema. "Zimebaki mia nne."

Kwa miaka hiyo yote Renae amekuwa mpeleka barua kwenye barabara za changarawe zinazouzunguka Vollen, mji mdogo wa wakulima wa viazisukari kaskazini-magharibi mwa Minnesota. Usukani wa magari ya huko uko kushoto. Masanduku ya barua yako kulia. Na wapeleka barua wa vijijini hutumia magari yao wenyewe. Kwa hiyo, kama wenzake wengi, alijizoeza kuendesha gari kutoka kiti ambacho si cha dereva.

"Hakuna anayekufundisha," anasema. "Unakaa, unajisokota kama kamba ya kiatu, unamwomba Mungu."

Mkao huo ulimlipia nyumba na kumsomeshea mtoto. Mkao huohuo nusura umzike, ingawa haukumdhuru hata kidogo. Ulichofanya ni kumpa kila mtu jibu kabla hajamaliza kuuliza.

Maumivu yalianza majira ya kuchipua, mwaka juzi, katikati ya mgongo. Renae alikwenda kwenye zahanati ya mji, akamweleza Dkt. Nyhus, ambaye anamfahamu tangu watoto wao walipokuwa wakicheza hoki pamoja. Daktari alicheka kwa huruma. Alimwambia kwamba hajawahi kumwona mpeleka barua wa kijijini mwenye mgongo mzima.

"Nami nilikubali," anasema Renae. "Kwa nini nisikubali? Kila mtu kazini anaumwa mgongo. Tukikutana kwenye mkutano wa chama, tunainuka vitini kwa awamu."

Alipewa mazoezi, kisha mto wa kuwekea kiunoni. Maumivu hayakupungua, na kila alipoulizwa ayapime kutoka moja hadi kumi, alijibu tatu.

Hapa Curt anashindwa kujizuia. Ni mtu mkimya, mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi, lakini suala hili humtoa kimyani kila linapotajwa.

"Tatu! Alikuwa hawezi kufunga viatu vyake, anasema tatu. Alipojifungua Tyler alisema nne. Nikamwambia, mwanamke wewe, hiyo kumi umeiwekea nani? Unamtunzia mgeni?"

"Kuna watu wanaumwa kuliko mimi," anajibu Renae.

"Ndiyo hayo sasa. Ndiyo hayo!"

Kwa watu wa Vollen, kulalamika ni aina ya utovu wa adabu. Mtu akiulizwa hali, hujibu kwamba si mbaya sana, na jibu hilo humfaa aliyepata mafua na aliyeunguliwa na ghala. Dkt. Nyhus amezaliwa hukohuko. Alipaswa kujua kwamba tatu ya Renae si tatu ya vitabuni. Lakini aliandika tatu.

Vuli ilipofika, Renae alianza kuamka akiwa ameloa jasho. Jibu lilikuwa tayari: umri wake, kukoma hedhi. Alipewa ushauri wa kulala na dirisha wazi, jambo ambalo huko, mwezi wa kumi na moja, linahitaji ujasiri.

Kisha akapungua kilo kumi na mbili. Kwa hilo hata daktari hakuhitajika. Mji mzima ulimpongeza. Wanawake walimsimamisha dukani wamshike kiuno. Mmoja alimwachia ujumbe ndani ya sanduku la barua, umebandikwa kwenye sahani ya biskuti, akimwomba amwambie anakula nini.

"Nilikuwa nakufa," anasema Renae, "na watu wananiomba siri ya mafanikio."

Kikohozi kilipoanza, majira ya kuchipua ya mwaka jana, nacho kilikuta jibu likikingoja: vumbi la changarawe. Nani asiyekohoa akishinda kutwa na dirisha wazi nyuma ya malori?

Inafaa kusema hapa kwamba Renae aliulizwa maswali. Katika zahanati, na baadaye katika hospitali mbili, wauguzi wenye tabasamu walimuuliza yaleyale. Je, alizaliwa nje ya nchi? Hapana. Je, amesafiri nje ya nchi? "Nimefika Winnipeg, Kanada, mara moja, kwa mechi ya hoki. Tulirudi siku hiyohiyo." Je, amewahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu? Hapana. Basi akahesabiwa kuwa mtu wa hatari ndogo, na mlango huo ukafungwa. Hakuna aliyeugusa tena.

Kiangazi, Dkt. Nyhus alishuku uvimbe wa viungo, akampa vidonge vya steroidi. Kwa majuma mawili Renae alijiona amepona. Alicheza muziki kwenye harusi ya mpwa wake mpaka viatu vikamtoka. Dawa ile ilikuwa imeutuliza uvimbe, na wakati huohuo ilikuwa imeuvua mwili silaha za mwisho ulizobaki nazo. Mwezi wa tisa, akiwa kwenye barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya viazisukari, miguu yake ilikataa kukanyaga breki. Gari lilitambaa hadi mtaroni na kusimama. Dereva wa lori la mavuno alimkuta ameketi palepale upande wa abiria, akizipanga barua zilizomwagika.

"Nilimwambia si mbaya sana," anasema.

"Alimwambia si mbaya sana," anarudia Curt, akitazama juu.

Picha za hospitali ya mji mkubwa zilionyesha madoa kwenye pingili tatu za uti wa mgongo, kwenye ini, na vitone vingi vidogo vimetapakaa katika mapafu yote mawili. Madaktari walimketisha yeye na Curt katika chumba chenye sofa na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Waliwaambia kwamba inaelekea ni saratani iliyosambaa.

Renae alirudi nyumbani akachagua nyimbo za mazishi yake. Curt alipiga deki ghala la mashine, ghala ambalo halijawahi kupigwa deki tangu lijengwe.

Sindano ya kwanza ya kuchota nyama ya kupimwa haikuonyesha kitu cha maana. Ilibidi wafungue mgongo, waunyooshe kwa vyuma, na kukata kipande cha pingili. Ndipo daktari mwingine, mtaalamu wa maambukizi, Dkt. Pilar Escamilla, alipoingia wodini na kuvuta kiti.

"Hatukuona saratani," alisema. "Ni kifua kikuu. Kimesambaa mwilini. Kinatibika."

Renae anasema alicheka mpaka nyuzi zikamuuma. Curt alitoka akaenda kulia kwenye maegesho ya magari, kisha akarudi na hasira ambayo haijamwisha mpaka leo.

"Mwaka na nusu!" anasema. "Ugonjwa wenye dawa! Dawa ya zamani kuliko mimi!"

Dkt. Escamilla hakurudia swali la safari. Aliuliza Renae alilelewa katika nyumba ipi, na nani alilala naye chumba kimoja. Renae alijibu kwamba alilala chumbani kwa babu yake, Peder Aasen, mpaka alipofikisha miaka saba, maana nyumba ilikuwa ndogo na chumba hicho kilikuwa na jiko la kuotea moto. Babu alikohoa sana. Alikuwa mvuta kiko. Alikuwa mzee. Wazee hukohoa.

Curt alikwenda kumuuliza shangazi pekee wa Renae aliyebaki, Borghild, katika makao ya wazee. Bibi huyo wa miaka tisini aliweka kando kazi yake ya kufuma.

"Kwani hamkujua?" alisema. "Peder alikaa miaka miwili kwenye hospitali ya kifua kikuu, kijana kabisa. Na uzeeni kilimrudia."

"Renae aliambiwa babu alikwenda kukata magogo."

"Ndivyo tulivyokubaliana kusema."

"Nani na nani, shangazi?"

"Sisi sote. Nani angenunua maziwa yetu?"

Vijidudu vilivyomwingia Renae akiwa mtoto vililala kwa nusu karne. Alipoulizwa kama amewahi kuishi na mtu mwenye ugonjwa huo, alijibu kwa moyo mweupe. Jamaa zake walikuwa wamemjibia kabla hajajua kusema.

Na Dkt. Nyhus? Hakujificha. Alifika nyumbani kwa Renae siku chache baada ya yeye kutoka hospitali, akakaa jikoni bila kuvua koti, akaomba radhi. Alikiri kwamba katika miaka yake yote Vollen hakuwahi kumwona mgonjwa wa kifua kikuu, na kwamba jina la ugonjwa huo halikumpitia akilini hata mara moja. Alikuwa ameleta samaki aliowavua mwenyewe ziwani, wamekwisha kuparwa na kukatwa minofu.

"Huwezi hata kumfokea," anasema Renae. "Utamfokeaje mtu aliyekuletea samaki?"

Tangu Novemba, Renae humeza dawa kila asubuhi mbele ya simu yake, huku nesi wa wilaya akimtazama upande wa pili. Ni sheria ya matibabu, ili pasiwe na dozi inayorukwa.

"Fungua mdomo, Renae," nesi humwambia. "Inua ulimi."

"Nimefungua mdomo tangu Novemba. Sasa hivi unayajua meno yangu kuliko mume wangu."

Makohozi yake yalipopimwa tena baada ya majuma kadhaa ya dawa, hayakuwa na vijidudu. Hawezi kumwambukiza mtu. Dkt. Escamilla amemruhusu kuanza na nusu ya njia yake ya barua, ikiwa mgongo utaweza kuyafikia masanduku. Ndiyo maana ya ndoo ya zege pale uwanjani.

Simulizi hii ingeweza kuishia hapo, kwa furaha. Haikuishia.

Wilaya ilipaswa kuwapima wote waliokaa na Renae ndani ya chumba kwa muda mrefu. Hiyo ilimaanisha nyumba yake, chumba cha nyuma cha posta, na kwaya ya kanisa la Kilutheri, ambayo Renae aliiimbia sauti ya pili huku akikohoa vumbi lake la changarawe. Kwa sheria, wilaya haikutaja jina. Wanakwaya kumi na sita waliambiwa tu kwamba mtu fulani amegundulika.

Mji mzima ulijua kwamba Renae alipasuliwa mgongo. Hakuna aliyemhesabu. Kifua kikuu ni cha kifua; mgongo ni wa kazi. Macho ya watu yakapita juu ya vichwa kumi na vitano na kutua kwenye kimoja.

Naw Mu Paw ana miaka ishirini na tisa. Ni Mkaren, mtoto wa wakimbizi wa Burma, aliyezaliwa katika kambi nchini Thailand na kuletwa Minnesota akiwa binti mdogo. Huimba sauti ya kwanza. Ni mpishi wa shule ya msingi ya Vollen, na ndiye anayesimama dirishani kuwapakulia watoto chakula. Anayajua majina yao wote, na anajua nani hali karoti.

Kabla ya Krismasi, mwenzao wa kwaya, Arlys Rustad, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, alimtembelea Renae akiwa na bakuli la tambi, nyama ya kusaga na supu ya uyoga, bado la moto. Renae anayakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno, kwa sababu ameyarudia kichwani kila siku.

"Maskini wewe, na mgongo wako," alisema Arlys, akiliingiza bakuli ndani ya jiko kana kwamba ni la kwake. "Na juu ya hayo yote, wametupima. Umesikia? Mimi wameniambia ninacho. Kimelala, lakini ninacho! Miezi minne ya vidonge. Mkojo mwekundu kama juisi. Mimi, Renae! Mimi ambaye sijawahi kwenda kokote!"

"Pole, Arlys."

"Sina ubaya na mtu. Unanijua. Lakini yule binti anasimama nyuma yangu kila Alhamisi, ananiimbia kisogoni. Halafu mchana anawapakulia watoto. Mimi sisemi ni yeye. Nasema tu, tutumie akili."

Renae alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ndani ya kabati, nyuma ya Arlys, mlikuwa na vidonge vya Renae mwenyewe.

"Nikamwambia chakula kinanukia vizuri," anasema Renae. "Hilo ndilo nililomwambia."

Mwezi wa kwanza, wazazi kadhaa waliiandikia shule. Mkuu wa shule, kwa upole mkubwa, alimwomba Mu Paw aondoke dirishani kwa muda, akapange makopo ghalani, mpaka bodi ya shule ikutane. Alimhakikishia kwamba hakuna anayemshuku. Alisema ni kwa ajili ya utulivu wa wazazi.

"Nilimpa majibu ya vipimo vyangu," anasema Mu Paw. "Akasema asante, hana shaka navyo hata kidogo. Kisha akanirudisha kwenye makopo."

Anaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nilipimwa kambini. Nikapimwa kabla ya kupanda ndege. Nikapimwa nilipofika, nikapimwa nilipoajiriwa, nikapimwa na kwaya. Wakinipima tena nitatoboka. Mji huu mzima, mtu mwenye uhakika hana ni mimi. Hao wanaoniogopa, wao walipimwa lini?"

Majuma matatu yaliyopita, akiwa hajui lolote, Mu Paw alikwenda kumjulia hali mgonjwa wa mgongo. Alimpelekea uji wa wali wenye kuku na tangawizi. Humwita Renae shangazi, kama Wakaren wamwitavyo mwanamke wa rika la mama zao, na Renae amekwisha kuzoea kuitika.

Siku hiyo nesi alikuwa amechelewa kupiga simu, na vidonge vilikuwa bado mezani, kwenye kisosi. Mu Paw aliweka sufuria chini akavitazama.

"Shangazi, hivi vyekundu navijua," alisema. "Mjomba wangu alivimeza kambini."

Renae alikivuta kisosi karibu naye.

"Unakula kwanza au unameza kwanza?" aliuliza Mu Paw. "Mjomba vilimchafua tumbo. Meza kwanza, halafu ungoje. Uji nitauacha na mfuniko."

"Mu Paw, wanasema ni wewe."

"Nasikia."

"Unaweza kuwaambia. Sasa hivi unaweza kwenda kuwaambia."

"Siyo siri yangu, shangazi," alisema Mu Paw, akavaa kofia yake ya sufu.

Alipoulizwa baadaye kwa nini alinyamaza, Mu Paw alishangaa kidogo. Alisema mtu mgonjwa haongezewi mzigo. Kisha akakiri kwamba alikasirika sana, na kwamba siku hiyo alipofika ghalani aliyapanga makopo yote ya maharage juu chini.

Curt anasema tangu siku ile mke wake halali vizuri, na safari hii si kwa jasho. Yeye mwenyewe hakumshauri aseme. Alitaka anyamaze.

"Nilimwambia, ngoja umalize dawa kwanza. Watu hawa nawajua. Wataacha kushika barua."

"Ndivyo walivyosema kuhusu maziwa," alijibu Renae.

Bodi ya shule inakutana jioni ya siku hiyohiyo ya mazoezi ya uwanjani, katika maktaba ya shule, kati ya rafu fupi za vitabu vya watoto. Watu kama arobaini wameketi kwenye viti vya plastiki, makoti mapajani. Kuna kahawa na keki za kukata mraba, kwa kuwa Vollen haiwezi kumhukumu mtu bila kahawa. Mu Paw ameketi nyuma, karibu na mlango. Viti vya kushoto na kulia kwake ni vitupu.

Mwenyekiti anaeleza kwamba hakuna anayetuhumiwa. Kila msemaji ana dakika tatu.

Baba mmoja anasema anampenda sana Mu Paw, lakini ana watoto. Mama mmoja anasema watoto wake wanampenda sana Mu Paw, lakini labda angefurahia kazi nyingine. Arlys Rustad anasimama, anarekebisha miwani, na kusema hana ubaya na mtu.

"Lakini mimi nilikuwa mzima," anasema. "Na mtu fulani amenipa hiki kitu."

Renae anainuka. Anatumia muda mrefu kuinuka, kwa sababu ya mkanda mgumu uliomkaza kiunoni, na mwenyekiti anamwambia kwa upole kwamba anaweza kuzungumza akiwa ameketi.

"Nitasimama," anasema Renae. "Mnanijua. Naleta barua zenu. Huyo mtu fulani ni mimi."

Anaushika mgongo wa kiti kilicho mbele yake.

"Kifua kikuu kilichofanya kwaya ipimwe ni changu. Kilikuwa mgongoni, kwenye ini, na mapafuni. Sijaenda popote kukitafuta. Nilikipata kwa babu yangu, Peder Aasen, katika nyumba ambayo nusu yenu mmewahi kula chapati za viazi ndani yake. Yeye alificha, na wote waliojua wakaficha, na kwa sababu hiyo nilipoulizwa nilijibu hapana, na nusura nife kwa hapana hiyo. Mu Paw alijua ni mimi. Amejua kwa majuma matatu, huku nyinyi mkimweka ghalani, na hakumwambia mtu. Mimi ndiye niliyemwacha akae huko."

"Renae," anasema Arlys. Bado amesimama, amesahau kuketi. "Nilikuja kwako. Nilikaa jikoni kwako. Mbona hukuniambia?"

"Uliniletea chakula, Arlys. Niliona aibu kukuharibia wema wako. Hapa sote tunaumwa ugonjwa huo wa aibu." Anaurekebisha mkanda kiunoni. "Kama hicho chako kimetoka kwangu, nakuomba radhi mbele ya watu. Meza dawa zako zote. Zinafanya kazi. Nami naapa, nesi akiniuliza tena maumivu ni mangapi, nitamwambia saba, kwa sababu ni saba."

Kutoka upande wa kahawa, Curt anatoa sauti ambayo si kicheko wala kilio.

Mwenyekiti anamkumbusha Renae, kwa adabu, kwamba muda wake umekwisha. Anamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Anaanza kusema kwamba bodi italitafakari jambo hili kwa utulivu katika kikao kijacho.

"Hapana," anasema Renae, naye anageuka na mwili mzima, kwa kuwa shingo pekee haigeuki, mpaka anawaona wote, na nyuma yao Mu Paw kati ya viti viwili vitupu. "Bodi itafakari inavyotaka. Mimi nimekwisha kuamua. Jumatatu narudi barabarani. Asiyetaka barua zake zipite mikononi mwangu, posta iko wazi, akazichukue mwenyewe. Na kesho mchana nitakuja hapa shuleni, nitapanga foleni dirishani pamoja na watoto, na sitaondoka kwenye foleni mpaka Mu Paw anipakulie."